Mkoba Usiokosa Kitu

Dada yangu aliponikabidhi wanawe wawili, wa miaka 5 na 7, niwatembeze katika msitu wa Pugu Jumamosi moja ya masika, nilijiapiza kwamba mkoba wetu hautakosa kitu. Nilitia kioo cha kukuzia, daftari, kalamu za rangi, filimbi, dawa ya kupaka, kibanio cha kutolea miiba, maji lita 3, maandazi 12 na kopo la plastiki ambalo mfuniko wake niliutoboa kwa msumari wa inchi 4, ili mdudu tutakayemkamata apate hewa. Mtu mwenye akili angetumia sindano.

Panzi tulimpata mapema. Mbele kidogo tukaukuta msafara wa siafu umeikata njia, nami nikasimama kando kuwasomesha watoto kwamba siafu mfanyakazi hana macho, hufuata harufu ya wenzake, na askari wao akishauma haachii, hata ukimvuta kiwiliwili kikakatika kichwa hubaki palepale. Somo lilininogea hata nisimwone mdogo akililaza kopo katikati ya msafara na kulifunika tena baadaye. Alinieleza siku ya pili kwamba panzi alikuwa mpweke.

Tulipanda daladala ya Gongo la Mboto, mkoba nikaupakata. Kabla hatujafika Pugu Kajiungeni nilihisi kitu kikipanda pajani, kikatua kidogo kama kinachotafakari, kisha kikauma. Nilipiga ukelele wa "Shusha!" ambao konda aliujibu kwa utulivu kwamba kituo bado. Mama niliyeketi naye, akidhani nimepandwa na mashetani, alijibana dirishani akanisomea dua, mpaka naye alipoumwa, yakamtoka maneno ambayo hayamo katika dua yoyote niijuayo. Kibanio na dawa vilikuwepo, sikatai, lakini vilikuwa chini kabisa ya mkoba, na juu yake walikuwa siafu.

Dereva alisimama pasipo kituo. Nilishuka na mkoba, nikajificha nyuma ya kibanda cha chipsi, nikafanya yaliyonipasa.

Jioni dada alilifungua daftari. Nilikuwa nimechora safu mbili kwa rula. Chini ya "Mnyama tuliyemwona", mkubwa alikuwa ameandika "Mjomba"; chini ya "Alikuwa akifanya nini", "Anavua suruali".