Jongoo Bahari, Dema na Utafiti Unaoitwa Anasa

Wapo wenzetu hapa Unguja na Pemba wanaohoji kwa nini kijana wa visiwani asomeshwe habari za maada laini zinazobadili umbo, ilhali bidhaa zake zilizofika sokoni ni chache. Hoja yao ina uzito. Haidrojeli nyingi, yaani vitu laini vilivyojaa maji mfano wa jeli, hujikunja polepole na hukauka zikiachwa hewani, na roboti laini nyingi bado zimefungwa kwa mirija kwenye pampu.

Lakini wakisema kwamba elimu hii haiwezekani bila ya kemikali adimu, hapo hawaitendei haki. Katika metamateria za kimekanika, yaani vitu vilivyobuniwa kwa mpangilio maalumu wa ndani, tabia ya kitu hutokana zaidi na mpangilio wa matundu yake kuliko na kile kilichokiunda. Mwaka 1987, Roderic Lakes wa Marekani alieleza jinsi sponji ya kawaida inavyoweza kubanwa pande zote na kupashwa moto hadi kuta za vitundu vyake zikajikunja kwa ndani. Ikishapoa, ukiivuta hunenepa badala ya kukonda. Fundi wa dema anayesuka fito kwa matundu ya pembe sita hahitaji kushawishiwa kwamba msuko ndio unaoamua uimara wa mtego.

Mfano unaonivuta zaidi ni wa jongoo bahari, ambaye watu wetu humvua na sasa humfuga. Akiguswa, ngozi yake laini hukakamaa, kwa kuwa nyuzi zilizomo ndani yake hushikamana, akitulia, huachiana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za plastiki zilizoiga siri hiyo kwa nyuzi nyembamba mno za selulosi, ile inayojenga pia nyuzi za mimea. Moja kati ya hizo, ikiwekwa katika hali inayofanana na ya mwilini, ugumu wake, unaopimwa kwa megapaskali, ulishuka kutoka 4,200 hadi 1.6, yaani zaidi ya mara 2,000. Tarakimu hiyo si ya kupitwa haraka. Kifaa cha kupokea ishara za ubongo lazima kiwe kigumu wakati wa kuchomekwa ubongoni, lakini kikibaki kigumu humo ndani huchangia kovu linalofifisha ishara zenyewe. Kikiundwa kwa plastiki hii, maji ya mwili wa mgonjwa ndiyo yanayokilainisha.

Ni kweli kwamba ulaini wa ubongo hupimwa kwa kilopaskali, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya megapaskali, hivyo hata hiyo 1.6 ingali ngumu mara nyingi kuliko nyama inayoizunguka, na wenye shaka wana haki ya kulisema hilo. Hata hivyo, njia iliyopatikana kwa kumchunguza mnyama anayeokotwa maji yakitoka siioni kuwa anasa kwa watu wa pwani. Ningependa wenye shaka waendelee kuuliza, ila wamuulize mtafiti kitu chake kimekunjwa mara ngapi kabla ya kupasuka, na kama kilikunjwa katika maji ya bomba au ya chumvi.