Mto Ulimfika Mama Kiunoni

Mvua ya masika ikikolea kwenye milima ya Nandi, sisi wenye wazazi katika uwanda wa Kano hatulali. Huku Kisumu mjini jua linaweza kuwa linawaka hadi lami inanuka, lakini Mto Nyando hauulizi kama kwako kumenyesha. Unashuka na udongo wa mashamba ya watu, na ukifika kwetu, ambako nchi ni bapa kama sinia, maji yanakosa pa kwenda. Yanaingia nyumbani.

Mei 2020 yaliingia kwa mama. Mwaka ule mnaukumbuka: makanisa yalikuwa yamefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, shule pia, na ziwa lenyewe lilijaa hadi likaipita rekodi ya 1964. Mama alikuwa na miaka 67. Alilala wiki tatu kwenye sakafu ya darasa upande wa Ahero, yeye na familia nyingine nne. Kuku wake 11 walienda na maji. Akabaki jogoo mmoja, ambaye kwa maelezo ya mama ndiye hakuwa na faida yoyote.

Wiki hiyohiyo nikatumiwa kwenye WhatsApp sauti ya mhubiri akisema mafuriko na korona ni Mungu anasafisha nchi iliyomwasi. Walioisambaza ni watu ninaosali nao. Sauti ile hurudi kila kukiwa na msiba, inabadilisha jina la janga tu, na mimi nimechoka nayo. Katika Luka 13 Yesu anawakumbusha watu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha anauliza: mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe kuwa sivyo. Sijui wahubiri hawa huruka ukurasa huo kwa sababu gani. Miti ikikatwa mlimani maji yatateremka kwa kasi, na yatamkuta mtakatifu na mlevi wote wamelala.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaokufariji haraka mno. "Kila jambo Mungu ana sababu yake." Nami nilikuwa mmoja wao, nikiri tu. Nilienda kumwona mama nikiwa na unga, blanketi mbili na Biblia, nikafungua Isaya 43 kwa sauti ya mtu aliyejiandaa: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha."

Mama akanikatiza. "Nyathina, mwanangu, huu umenigharikisha hadi kiunoni."

Wale wengine darasani wakacheka. Mimi nikatafuta pa kuficha uso. Kando yake kulikuwa na gunia la mpunga lililolowa, punje zimeanza kuota humo ndani, na mimi nilikuwa nimekuja na ahadi. Tukakaa kimya. Kisha akasema, "Soma tena pale mwanzo." Nikasoma. Upitapo. Akaniambia niishie hapo, nisiendelee. Mungu alisema utakapopita, hakusema hutapita, na mama siku hiyo hakutaka zaidi ya hilo. Akaanza kulia. Sikumwambia anyamaze, na katika mambo yote niliyofanya wiki ile, naona hilo ndilo la maana.

Nikamuuliza alitokaje nyumbani usiku ule. Ndipo nikajua alibebwa mgongoni na jirani yake, mzee wa Kanisa la Roho, wale wa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Mama ni Mwanglikana wa kitabu na kengele. Miaka mingi amemlalamikia mzee huyo kwa chifu na kwa yeyote anayesikiliza, juu ya ngoma zao za usiku. Mzee alimbeba mpaka barabarani, akarudi kumchukua mwingine. Hakuhubiri. Kila hatua, alisema mama, alikuwa anaita tu jina la Mungu: Nyasaye, Nyasaye. Jina hilo Mluo na Mluhya tunalo sawa, na sijawahi kulisikia likiwa na uzito kama nilivyolisikia mama akilirudia pale sakafuni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo upendo wa Mungu uko wapi wakati wa shida, siwezi tena kuanza na maelezo. Paulo anapowaambia Warumi kwamba hakuna kitakachotutenga na upendo huo, anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, kama mtu anayesoma orodha ya mambo aliyokwisha kukutana nayo. Hasemi hayaji. Tumaini langu sasa ni dogo kuliko lile nililolelewa nalo, halina ahadi ya kingo kushikilia mwaka huu. Ila lile kubwa lilivunjika mara ya kwanza lilipoguswa na maji, na hili bado ninalo.

Makanisa yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu 100, saa moja tu, na aliyezidi miaka 58 abaki nyumbani. Mama alibeba kigoda, akakaa nje ya ua wa kanisa chini ya mwembe. Jumapili iliyofuata vigoda vilikuwa sita. Wa ndani walipoanza wimbo, wa nje wakaudaka, wakawa nyuma kidogo kila ubeti, na saa ya ndani ilipokwisha wao bado walikuwa wanaimba.

Ngoma za jirani zinaendelea kila Jumamosi usiku. Mama hajaacha kulalamika. Siku hizi anasema kijana mpya anayezipiga hajui mapigo, na kwamba mzee angemfundisha kwanza.