Fundi AC Hawezi Kukuongezea Hewa

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zina ugonjwa mmoja. Ikifika saa nane mchana watu wanapiga miayo, kichwa kinagonga, macho yanawasha. Mtu akishuka chini kununua maji anarudi mzima. Kwanza lawama inabebeshwa wali wa mchana. Ikishindikana anaitwa fundi AC, anaongeza gesi, anachukua chake, na kesho miayo iko palepale.

Mimi naona fundi huyo tunamwonea. AC za ukutani tunazofunga, zile zenye kichwa ndani na kompresa nje, hazivuti hewa ya nje. Zinachukua hewa iliyomo chumbani, zinaipoza, zinaikausha kidogo, zinairudisha humohumo. Yale mabomba ya shaba yanayotoboa ukuta yanapitisha gesi ya kupozea tu. Jifungieni watu kumi kwenye chumba cha mikutano, dirisha limebanwa "baridi isitoke", na baada ya saa moja kila mmoja anavuta pumzi ya jirani yake, ila imepozwa.

Si habari mpya. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, Ujerumani, alipendekeza mwaka 1858 kwamba hewa ukaa, ile gesi tunayoitoa tukipumua, isizidi chumbani sehemu 1,000 kwa milioni. Nje, siku hizi, ni zaidi kidogo ya 420. Kwa viwango vya ofisini gesi hiyo yenyewe haiui mtu, lakini inaonyesha pumzi za watu zimekwama kiasi gani, na mafua yanasafiri na pumzi hizohizo. Vipimo vidogo vya mezani vinauzwa. Kimoja kinatosha kuzunguka jengo zima. Kama huna, toka nje dakika kumi kisha rudi: pua iliyopumzika haidanganyi.

Nyumba zetu za zamani zilijua hili. Zilikuwa na luva zinazofunguka dirisha zima na matofali ya matundu juu karibu na dari, hewa ya moto ikatokea huko. Tumeng'oa luva tukaweka aluminiamu za kusukuma, ambazo hata ukizifungua zote unapata nusu ya dirisha, kisha matundu tukayaziba kwa jipsamu kwa sababu yanaingiza vumbi. Halafu tunashangaa.

Kinachonikera zaidi ni ukungu. Mpangaji akihama, mwenye nyumba anapaka rangi mpya juu ya madoa meusi, na masika ijayo yamerudi yakiwa na ndugu zao, mtoto wa mpangaji mpya anakohoa. Rangi haiui chanzo, na chanzo ni maji. Yanatoka wapi? Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi, pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe umelowa: bomba linavuja, paa linapitisha, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi (huu wa msingi huacha unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta). Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa nguo zinazoanikwa ndani. Dawa ya tatizo la kwanza ni fundi bomba au fundi paa, ya pili ni feni na dirisha. Angalia pia nyuma ya kabati lililogusana na ukuta, na bomba la maji la AC, likiziba maji yanarudi ndani kimyakimya.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hata likibaki makaa tu. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Na dawa ya mbu ya kuchoma, kwenye chumba kilichofungwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta moja ikitoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi.

Najua utaniambia nje nako ni vumbi na moshi wa daladala. Kweli, kwa anayekaa kando ya Barabara ya Morogoro. Fungua upande wa uani, na fungua dakika tano kati ya kikao na kikao. Kuta na meza zimeshika ubaridi, chumba kitapoa tena upesi. Mashine ya kuchuja hewa inasaidia kwenye vumbi, ila hewa ukaa haiigusi, na unyevu pia.

Na unayejenga sasa, panda juu ya dari kabla hujamlipa fundi. Feni za choo nyingi nilizoziona zinapulizia humohumo darini, bomba la kwenda nje halijawahi kuwekwa.