Tume Haivunjwi, Huachwa Bila Makamishna

Wakazi wa Banissa, kule Mandera nchini Kenya, walikaa bila mbunge kuanzia Machi 2023 hadi Novemba 2025. Mbunge wao alifariki, na Ibara ya 101 ya Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. Siku hizo 90 ziligeuka miaka miwili na miezi minane. Hapakuwa na vita wala mafuriko yaliyozuia kura. Kilichokosekana ni makamishna wa IEBC, tume inayosimamia uchaguzi na mipaka.

Mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili walimaliza muhula Januari 2023. Makamishna wenzao wanne waliokataa matokeo ya urais ya 2022 walikuwa nao wanaondoka, mmoja baada ya mwingine. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Katikati hapo ofisi zilikuwa wazi, wafanyakazi walilipwa, na ukipiga simu ungejibiwa. Ila hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kutangaza tarehe ya uchaguzi. Mapitio ya mipaka, ambayo Katiba inataka yafanywe kila baada ya miaka 8 hadi 12, yalipitwa na muda Machi 2024 huku viti vikiwa vitupu.

Ukiuliza sababu utapewa, tena nyingi: sheria ya jopo la uteuzi ilibadilishwa, kukawa na mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na upinzani, kukawa na kesi mahakamani. Kila sababu ukiichukua peke yake inaeleweka. Ukizijumlisha ndipo unapoanza kujikuna kichwa.

Waandishi wa Katiba ya 2010 waliogopa mkono unaofuta watu kazi. Walikuwa wameishi enzi ambazo mtu alisikia habari za kutimuliwa kwake kwenye taarifa ya saa saba. Kwa hiyo Sura ya 15, inayohusu tume na ofisi huru, ikawekewa makomeo: kamishna hutumikia miaka 6 mara moja tu, ili asinyenyekee mtu akitafuta muhula wa pili. Kumwondoa kunahitaji ombi mbele ya Bunge la Taifa na jopo la uchunguzi linaloongozwa na jaji au aliyewahi kuwa jaji. Ibara ya 249 inasema hapokei maagizo ya mtu yeyote. Makomeo mazuri sana hayo, lakini yanamlinda kamishna aliyepo. Kiti kisicho na mtu hakina ulinzi wowote.

Na viti hivyo vikiwa na watu, kazi huonekana. Tume ya Mishahara na Marupurupu ni mfano ninaoupenda, kwa sababu ilipambana na watu wenye uwezo wa kuiumiza. Mwaka 2013 wabunge walitaka mshahara wa shilingi 851,000 kwa mwezi. Tume, chini ya mwenyekiti wake Sarah Serem, ilikuwa imeweka 532,500. Waheshimiwa walitisha kuivunja. Wananchi nao wakapeleka nguruwe mlangoni mwa Bunge kuashiria ulafi, jambo ambalo sijui kama Nairobi italisahau. Mwishowe wabunge walikubali mshahara ule wa tume, wakaondoka na ruzuku ya magari ya shilingi milioni 5 kila mmoja. Ushindi nusu, tuseme. Walipojipa tena marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, tume ilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaagiza fedha hizo zirudishwe.

Sasa jiulize: kesi hiyo ingepelekwa na nani kama tume ingekuwa kwenye hali ya IEBC ya 2023? Labda mwanaharakati Okiya Omtatah peke yake, na si haki nchi nzima kumtegemea mtu mmoja na faili zake.

Mdhibiti wa Bajeti ni hivyo hivyo. Bila idhini yake fedha hazitoki katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Mdhibiti huyo, Margaret Nyakang'o, aliieleza kamati ya Bunge mwaka 2023 jinsi alivyoshinikizwa kuidhinisha mabilioni siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Hilo tumelijua kwa sababu palikuwa na mtu wa kushinikizwa, na mtu huyo alikuwa na mdomo. Kiti kitupu hakitoi ushahidi mbele ya kamati.

Tulishayaona haya kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Edward Ouko alimaliza miaka yake 8 (muhula wa ofisi hiyo, tofauti na ule wa makamishna) Agosti 2019. Nancy Gathungu akaapishwa Julai 2020. Karibu mwaka mzima ofisi ilikuwa na wakaguzi wengi, lakini bila yule mmoja anayetajwa na Katiba. Tume ya Ardhi nayo ilikaa bila makamishna kuanzia Februari hadi Novemba 2019. Na tarehe za mihula kuisha zilijulikana tangu siku ya kiapo! Hakuna anayeweza kusema alishtukizwa.

Wapo wanaosema tume ni nyingi mno na zinakula mishahara bure. Katika baadhi yake sitabishana nao. Tume ya Huduma za Bunge, kwa mfano, sijawahi kuona inamwajibisha nani. Lakini kama tume haifai, ifutwe hadharani kwa kubadilisha Katiba, tupige kura tuone. Kuinyima watu kimya kimya ni kuibadilisha Katiba bila kutuuliza.

Dawa si ngumu. Sheria ilazimishe uteuzi uanze miezi sita kabla ya muhula kuisha, na mihula ya makamishna ipishane ili wasiondoke wote kwa mpigo. Sipendekezi anayeondoka aongezewe muda hadi mrithi apatikane, maana hapo tutakuwa tumempa sababu ya kumfurahisha yule anayechelewesha uteuzi.

Muhula wa Mdhibiti wa Bajeti unaisha mwishoni mwa 2027, miezi michache baada ya uchaguzi mkuu, wakati kila mtu atakuwa anagawana vyeo. Wa Mkaguzi Mkuu unafuata katikati ya 2028. Tarehe hizo nimeziandika kwenye kalenda yangu. Tangazo la nafasi hizo za kazi nitaanza kulitafuta katikati ya 2027.