Namba ya siri ya mtu asiyeweza kubonyeza

Mtu akivunjika shingo kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe au kwa ajali ya bodaboda, ndugu na majirani huchangishana wakamnunulia kiti cha magurudumu. Ni jambo jema, silibezi. Ila mchango wa kumwezesha kutumia simu yake mwenyewe sijauona. Simu anashikiwa, meseji anasomewa, na akitaka kutuma pesa anamtajia mpwa wake namba ya siri. Mpwa anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini siri haipo tena.

Ndiyo maana habari za maajabu ya teknolojia hazinisisimui sana. Januari 2024 Mmarekani Noland Arbaugh, aliyepooza kuanzia mabegani, aliwekewa kifaa cha kampuni ya Neuralink kwenye ubongo, akawa anacheza sataranji kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Wiki chache baadaye baadhi ya nyuzi za kifaa hicho zilichomoka, wahandisi wakalazimika kurekebisha programu. Matt Nagle, Mmarekani mwingine aliyepooza, naye alisogeza kielekezi cha kompyuta kwa ubongo tangu majaribio ya BrainGate, kifaa kingine cha ubongoni, yaliyoanza 2004. Miaka ishirini hiyo, na kifaa bado hakipatikani dukani. Kabla ya upasuaji Arbaugh alitumia kijiti cha kushika mdomoni kugusia skrini. Kijiti hicho kina adha zake: kinachosha, na lazima mtu akuwekee mdomoni. Lakini hata fundi wa mtaani anaweza kukichonga.

Cha kuuliza kwanza ni kiungo gani bado kinatii. Aliyeumia sehemu ya shingo ambayo madaktari huiandika C6 kwa kawaida anaweza kuinua kifundo cha mkono ingawa vidole havishiki. Huyo ukimfunga kiganjani mkanda wenye kijiti, anacharaza kibodi, polepole lakini mwenyewe. Wa C4, aliyeumia juu zaidi shingoni, amebakiwa na shingo na uso. Anaweza kutumia kipanya cha mdomoni: anasukuma kijiti kwa midomo ili kielekezi kisogee, kisha anapuliza au kuvuta pumzi ili kubofya. LipSync, kilichobuniwa Kanada, ni cha aina hiyo, na michoro yake imeachwa wazi kwa yeyote. Nina hakika vijana wetu wenye printa za 3D, wanaotuchapishia vishikio vya funguo, wanakiweza.

Kuna pia kitu ambacho wengi tunacho mfukoni bila kujua. Tangu Android 12, iliyotoka 2021, kamera ya mbele inaweza kusoma uso: ukitabasamu, ukiinua nyusi au ukifungua mdomo, simu inapokea amri. Kinachokosekana mara nyingi ni stendi tu ya kuisimamisha simu mbele ya kitanda, tena zile stendi za vijana wa TikTok zinafaa sana. Pia taa, maana gizani kamera haioni nyusi za mtu.

Wengine watasema sauti inatosha. Kwa meseji, sawa. Google ilianza kupokea maandishi ya Kiswahili kwa sauti mwaka 2017, na inasaidia. Ila kuendesha simu nzima kwa sauti ni suala jingine, kwa kuwa huduma za namna hiyo zimejengwa kwanza kwa Kiingereza. Na nani atataja namba yake ya siri kwa sauti sebuleni kukiwa na wageni?

Halafu zipo menyu za nyota na reli. Ukichelewa kidogo zinakukatia, unaanza upya. Mtu anayeiamuru simu kwa uso, anayesubiri mwanga wa skrini upite kwenye tarakimu moja baada ya nyingine ili ainue nyusi kwenye ile anayoitaka, hawezi kushindana na saa ya mtandao. Kampuni za simu zingeweza kumwongezea muda mteja aliyejiandikisha kuwa na ulemavu wa mikono. Sioni ugumu wake, na sihitaji kuambiwa kwamba wateja hao ni wachache.

Kwa upande wa hospitali, mgonjwa wa shingo asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemfundisha mgonjwa kujifanyia shughuli zake za kila siku, hajakaa naye na simu yake, wakajaribu kijiti, kamera na mkanda, hadi atume meseji moja bila mkono wa mtu. Na siku ile ile abadilishe namba ya siri.