Piko ya Mkononi Ndiyo Rangi ya Kichwani

Dada yangu hakutoka harusini. Harusi ya kwao wenyewe, hapa Langoni, naye yumo chumbani macho yamefumba kwa uvimbe, nyuma ya masikio panatoka maji, kichwa chote kinamuwasha kama kimemwagiwa upupu. Siku mbili nyuma alipaka nywele rangi, aziondoe mvi za mbele. Unga mweusi wa pakiti, wa kukoroga na maji, ambao kila nyumba inao. Watu wakasema ni husuda, amepigwa jicho. Mimi nasema ni piko, yale maua meusi tunayopakwa mikononi, na naomba mnisikilize.

Wapakaji wetu wengi, bibi harusi akitaka maua meusi, huchukua unga huo huo wa nywele. Wengine huutia ndani ya hina ili ishike upesi. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Kule Ulaya sheria imeweka kikomo cha asilimia 2 inapofika kichwani, na kupaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Huku kwetu mpakaji anakisia kwa kijiko.

Sasa tazameni inavyokwenda. Mtoto wa miaka minane anapakwa piko siku ya Idi. Pengine pakamuwasha, pengine pakatoka malengelenge yakifuata mistari ya ua, mamake akampaka mafuta ya nazi, yakaisha. Lakini mwili umeshaikataa ile kemikali, na aleji ya namna hii haitoki. Mtu huishi nayo. Miaka inapita, mvi zinaanza, ananunua pakiti na kupaka kichwa kwa mara ya kwanza, uso unafura. Analia kwamba hajawahi kutumia rangi. Amewahi, alipakwa mkononi! Dada yangu ana ua moja juu ya kifundo cha mkono, jeupe kidogo kuliko ngozi yake, majani yake yote yanaonekana. Ni la harusi yake mwenyewe, na halijafutika mpaka leo. Sote tumeliona miaka yote hii, hakuna aliyeuliza.

Pakiti zenyewe huandika kwamba ujaribu saa 48 kabla. Nani anajaribu? Tunapaka alasiri kwa sababu usiku kuna shughuli. Jamani, tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Pakiwasha, tupa pakiti. Na uliyewahi kuchubuka kwa piko, hata hilo tone usijaribu. Nyusi nazo ziacheni, macho hayana badala.

Hina ya kweli haiwi nyeusi. Unga wake ni wa kijani, unanuka majani makavu, na rangi yake huanza chungwa kisha huiva siku moja au mbili baada ya kuoshwa. Ukiambiwa hii ni hina na ndani ya saa moja mkono umekuwa mweusi tititi, ondoka. Kwa nywele, ikoroge na ndimu, iache mpaka rangi ijitoe, paka kwenye nywele zilizooshwa, funga kichwa, ikae saa kadhaa. Mafuta ya nazi yangoje baadaye, hina haishiki kwenye mafuta.

Mvi zitatoka za chungwa, ni kweli, na wasichana wanasema hiyo ni rangi ya wazee. Wazee wetu wanapaka ndevu zao hivyo na wanaingia msikitini wamependeza. Tena tumesomeshwa chuoni kisa cha Abu Quhafa, babake Abu Bakr, alivyoletwa siku ya kufunguliwa Makka kichwa na ndevu nyeupe, Mtume (s.a.w.) akaamrisha zibadilishwe na weusi uepukwe. Maulamaa wana maneno yao hapo, siyaingilii.

Nakubali kwa shingo upande kwamba piko inapendeza mkononi, na kwamba wapo wanaopaka miaka nenda miaka rudi wasipate lolote. Nakubali pia kwamba hina yenyewe si ya kila mtu: mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kumvunjia damu, na watoto hao pwani yetu si wachache. Wachanga wasipakwe chochote.

Kwa wapakaji, wengi ni jamaa zangu, ombi langu ni moja: mteja akitaka kuiona pakiti, mwonyesheni. Nanyi kina mama, Idi ikifika, watoto wapakeni hina tupu. Piko msiwapake hata nukta moja ya kidoleni, hata wakilia kwamba wenzao wote wamepakwa.