Monasteri ya Utatu, 1608: kilichoua si mizinga

Ukuta wa monasteri ya Utatu Mtakatifu, ile ya Mtakatifu Sergius kaskazini mashariki ya Moscow, unasifiwa mno. Ni kweli ulikuwa na minara 12 na mzunguko wa zaidi ya kilomita moja, na jeshi la makamanda wa Poland na Lithuania, Jan Piotr Sapieha na Aleksander Lisowski, lililouzingira Septemba 1608, halikuuteka. Lakini kwa maoni yangu kazi ngumu ilifanyika kwingine: chini ya ardhi na msituni.

Mizinga iliposhindwa kuubomoa ukuta, wazingiraji walichimba handaki kuelekea mnara wa kona wa Pyatnitskaya. Unachimba hadi chini ya msingi, unapanua chumba, unajaza baruti, kisha unaziba njia kwa udongo ulioshindiliwa. Usipoziba sawasawa, mlipuko hurudi ulikotoka na ukuta unabaki umesimama. Aliye ndani ya ukuta lazima aujue mdomo wa handaki mapema. Walinzi walichimba mashimo ya kusikilizia; mtu anashuka, anatega sikio, anasubiri mlio wa sululu. Mateka nao walifichua kuwa handaki lipo. Novemba walinzi wakatoka kwa nguvu, wakaupata mdomo, na wakulima wawili, Nikon Shilov na Slota, wakaingia kulipua baruti. Hawakutoka.

Kisha baridi. Wakimbizi wa vijijini walikuwa wamebanana humo ndani, na kila mzigo wa kuni ulipiganiwa msituni. Nafaka ilikuwepo, na hapa ndipo wengi tunakosea, tukidhani penye nafaka watu hawafi kwa chakula. Nafaka kavu haina vitamini C. Miezi michache bila mboga wala matunda, fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, miguu hujaa madoa meusi, na hata kidonda kilichopona zamani hufunguka upya. Hicho ndicho kiseyeye. Avraamy Palitsyn, mtunza mali wa monasteri, anataja vifo zaidi ya 2,000. Yeye alikuwa Moscow, na hupenda kukuza mambo, lakini kwamba maradhi yaliua kuliko risasi, hilo naliamini kabisa.

Shambulio la usiku la Julai 1609 liliwakuta ukutani wanaume wachache mno wenye nguvu, na wanawake wakipigana kando yao. Lilivunjika kwa sababu vikosi vya wazingiraji vilipotezana gizani vikashambuliana vyenyewe. Oktoba David Zherebtsov alipenya na askari wa msaada, na Januari 1610 Sapieha akang'oa kambi.